Pembe ya ugoro ya baba mkwe: kila nikiimaliza anasema bado

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Huwa napita, nacheka, nasepa. Leo naandika kwa sababu kichwa kimejaa na nyumbani siwezi kuliongea hili. Yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningeongeza, labda stori ingeeleweka vizuri zaidi.

Kwetu ni Njombe. Nilikuja huku Nyakunguru, Tarime, miaka tisa iliyopita kufuata dhahabu kama wenzangu wengi. Dhahabu yenyewe tulipishana njiani. Nikarudi kwenye kazi niliyofundishwa, useremala. Vitanda, makabati, milango.

Sifa yangu mimi ni finishing. Ukipitisha mkono kwenye meza yangu ukakutana na mkwaruzo, naumia kama umenitukania ukoo.

Nikaoa huku huku. Mke wangu anaitwa Rhobi, Mkurya wa Machochwe, upande wa Serengeti karibu na mpaka wa hifadhi. Tuna watoto wawili.

Baba yake, Mzee Marwa, ni mgane. Anaishi na mtoto wake wa mwisho wa kiume, na Rhobi ndiye binti yake pekee. Jumapili nyingi tukitoka kanisani tunapanda pikipiki, tunavuka mto Mara, tunaenda kumsalimia. Wale watoto wakifika tu, mzee anasahau kama kuna watu wengine duniani.

Sasa mwaka jana mama yangu kule Njombe akaanza kuumwa miguu. Baba alishafariki, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Shamba la viazi lipo, nyumba ipo, mtu hakuna. Kila akipiga simu swali ni moja, mnakuja lini.

Nikamwambia Rhobi turudi kwetu. Hakubisha. Alisema tu, "Nenda kamwambie baba kwa mdomo wako. Kwetu mtu hahamishi watoto kwa simu."

Nikaenda. Nikamkuta mzee pembeni ya zizi.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mura. Keti." Huku baba ni Tata, na kijana ni mura.

Nikamweleza yote, mama, miguu, viazi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho si kawaida yake. Halafu akaingia ndani, akatoka na pembe.

Pembe ya ng'ombe, wakuu, msiniitie askari. Ni ya dume lake alilolipenda sana, lilikufa kwa uzee. Aliichemsha mwenyewe akatoa kiini cha ndani, akachonga kizibo cha mti cha upande mpana, akatoboa kwenye ncha na kuweka kizibo kidogo cha ngozi. Baba yake alikuwa na kama hiyo, ya kuwekea baruti ya gobore. Yeye gobore hana na wala hataki, maana kukaa na gobore jirani na hifadhi ni kujitafutia jela. Ya kwake ni ya kuwekea ugoro.

Ila vidole vyake siku hizi vinatetemeka. Ndani alikuwa ameimaliza, nje bado ilikuwa na magamba na alama za kisu.

Akaniambia, "Wewe si fundi? Nimalizie hii. Ukiimaliza ndipo tutaongea habari za safari."

Wakuu, nilifurahi. Niliona mzee kanipa mtihani ambao majibu ninayo mfukoni. Nikamwambia Rhobi aanze kupanga vyombo.

Hapa ndipo ujuaji wangu uliponiponza.

Pembe si mbao. Mimi nikaipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya msasa. Dakika mbili tu karakana nzima inanuka nywele zilizoungua. Pakatokea doa jeupe kama kovu la moto. Nikafanya wanachofanya mafundi wote wakiharibu, nikapaka vanishi.

Mzee hata hakuiangalia. Aliinusa.

"Umeichoma," akasema. Kisha akaikwangua vanishi kwa ukucha. "Na hii ya nini? Ugoro wangu unuke duka la rangi? Bado, mura."

Hapo sikuwa na ubishi. Alikuwa na haki.

Nikaanza upya, safari hii kwa adabu. Nilimuuliza fundi mmoja mtu mzima anayetengeneza vishikio vya visu, akanielekeza. Unavunja chupa, unachukua kipande chenye ukingo mkali, unakwangua polepole kufuata urefu wa pembe, kamwe usikate kuvuka. Unga wake unadondoka kama makapi ya kucha. Kisha msasa mkavu, kuanzia mkali kwenda laini. Kisha msasa wa maji. Kisha majivu ya kuni uliyoyachekecha kwa kitambaa, unayalowesha kidogo, unasugua mpaka mkono ufe ganzi. Mwisho kabisa nta ya nyuki kidogo, halafu kiganja kitupu.

Kiganja ndicho kinachomaliza kazi. Joto la mkono linafanya kitu ambacho mashine haiwezi.

Wiki tatu, kila nikitoka karakana. Rhobi akipita ananitania, "Ungekuwa unanishika mimi hivyo tungeshazaa timu ya mpira."

Ilipoisha, wakuu, ilikuwa nyeusi kwenye ncha, kahawia katikati, na upande mpana ina rangi ya chai ya maziwa. Ukiishika unaona kivuli cha uso wako. Iling'aa kiasi kwamba siku naipeleka, jamaa mmoja kwenye kizuizi barabarani alinisimamisha akauliza huyo ni mnyama gani. Nikamwambia ng'ombe. Akaigeuza geuza wee, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Ng'ombe gani ana pembe ya namna hii? Nilitumia nusu saa kujieleza na moyoni nafurahi kwa sifa.

Mzee akaishika, akaielekeza kwenye mwanga, akapitisha dole gumba.

"Hapa."

Na kweli, palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Niliona aibu. Nikairudisha Nyakunguru.

Mara ya tatu niliikagua kwa tochi ya simu, inchi kwa inchi. Nikampelekea. Akasema macho yake leo hayako vizuri, niiache ataiangalia taratibu, nirudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata akanionyesha. "Hapa. Na hapa pia."

Mikwaruzo miwili, mirefu, ya wazi kabisa.

Nikachanganyikiwa. Niliipitisha vipi ile? Nikairudisha, nikaisugua, nikaipeleka. "Iache nitaiangalia." Wiki ijayo, mikwaruzo mitatu.

Ikaenda hivyo miezi, wakuu. Miezi!

Nilianza kujitilia shaka mimi mwenyewe. Nilikwenda kupimwa macho, siwadanganyi. Yule mpimaji akaniambia macho yako ni ya kijana, shida yako nini? Ningemwambia shida yangu ni pembe angenipeleka wodi nyingine.

Nikahisi ni watoto wanaichezea kwenye pikipiki. Nikaanza kuifunga kwa kanga mbili. Nikahisi ni shemeji yangu ananifanyia utani. Jamaa ninayefanya naye kazi akaniambia achana na pembe za wazee, zina mambo yake. Mimi si mtu wa imani hizo, lakini niseme ukweli, kuanzia siku hiyo haikulala tena chumbani kwetu.

Kutoka Njombe simu zinaingia. Mama anaanza kusema sasa anatembea kwa fimbo. Huku Rhobi vyombo alivyofunga amevifungua, maana alihitaji sufuria.

Sasa sikilizeni.

Alhamisi moja nilipeleka mlango kwa mteja Mugumu. Narudi nikasema nipitie Machochwe nimwachie mzee sukari na mkate. Hakuwa na taarifa. Pikipiki niliiacha barabarani kwa sababu ya tope, nikakata kwa miguu nyuma ya nyumba.

Nikasikia sauti. Kila aliyewahi kuifanya kazi hii anaijua. Chupa juu ya pembe.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ghala, kanipa mgongo. Pembe kaibana kwa magoti. Mkononi ana kipande cha chupa. Akakwangua mara moja. Akapuliza. Akapitisha dole gumba. Akafikiri kidogo, akaongeza mkwaruzo mwingine pembeni. Vidole vinamtetemeka, lakini anafanya kwa uangalifu mkubwa, asiizamishe sana. Halafu akaifuta kwa upindo wa shati.

Hasira ilikuja kwanza. Niliisikia masikioni. Miezi yote ile, mikono yangu, macho yangu niliyoyapeleka kupimwa!

Halafu nikaelewa anachofanya.

Wakuu, kwa wasioijua mila ya huku, na hata kwetu Njombe ni hivyo hivyo, binti akishaolewa kwao ni kwa mume. Baba hana mdomo wa kumwambia mkwe usimpeleke. Hawezi kukataa, na kuomba ndiyo kabisa, mzee wa Kikurya amwombe mkwe wake? Bora afe. Kwa hiyo alitafuta njia ambayo haina aibu. Pembe isipoisha, watoto hawaondoki, na kila Jumapili inatulazimu tuje.

Na mimi fundi mzima nilikuwa nabadilisha namba za msasa.

Nikarudi kinyumenyume. Mfuko wa sukari na mkate nikautundika kwenye nguzo ya zizi, nikaondoka. Nilishafika mto Mara ndipo akili ikanijia kwamba ule mfuko utasema kila kitu. Ni mfuko wa duka la huku Nyakunguru, na mkate wa aina ile ninayemletea ni mimi tu. Nilitamani nirudi kuuchukua. Sikurudi.

Rhobi sikumwambia. Ningeanzaje? "Baba yako anaharibu kazi yangu kwa sababu anawapenda"? Nilimeza.

Jumapili tukaenda kama kawaida. Mzee kavaa koti, wakati kulikuwa na joto. Ule mfuko umekunjwa vizuri, umewekwa kwenye benchi mahali ambapo lazima niuone. Hakuutaja. Na mimi sikuutaja.

Watoto walimrukia, akawatoa taratibu mapajani. Akaingia ndani, akarudi na pembe.

Wakuu, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa ameisugua mwenyewe, kwa vidole vile vile vinavyotetemeka, siku tatu hizo. Kwa macho yangu ya fundi nawaambia ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuifanya mimi. Kwenye lile doa jeupe nililoliunguza siku ya kwanza nikashindwa kulitoa, alipaka kitu, sijui nini, likapotea kabisa.

Akanipa mikononi.

"Mura, imeisha. Nendeni. Mama yako anasubiri."

Rhobi aliinamisha kichwa. Sikumwona uso. Mzee alikuwa anaangalia ng'ombe.

Hayo ndiyo maneno niliyoyasubiri miezi yote. Ilibaki kusema asante Tata, tupige picha, tupange siku. Mama yangu angelala usingizi.

Nikaielekeza pembe kwenye mwanga. Nikapitisha dole gumba, kutoka upande mpana mpaka kwenye ncha. Safi.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bado, Tata. Hapa kuna mkwaruzo."

Sijui yalitoka wapi yale maneno. Sikuwa nimeyapanga.

Mzee akaichukua. Akapaangalia pale nilipoweka kidole, muda mrefu, pale pasipo na kitu.

"Kweli," akasema. "Upo." Akanirudishia. Hakuniangalia usoni, na mimi nashukuru, maana macho yangu yalikuwa hayafai kuangaliwa na baba mkwe. "Basi uende nayo. Usiharakishe kazi."

Tulipofika nyumbani Rhobi akaiomba ile pembe, akaipapasa yote kwa kiganja, mara mbili. Amelelewa na mtu aliyeichonga, anaijua. Akaniuliza, "Mkwaruzo uko wapi?"

Nikamwambia upo, ila ni mdogo. Akaniangalia weee, kisha akaenda kupika. Mpaka leo sijui kama amenishukuru au amenikasirikia.

Jana mama kapiga. Nimemwambia kuna kazi ya mzee sijaimaliza. Akauliza, kazi gani hiyo haiishi, anajenga ghorofa? Nikacheka, na yeye akacheka, kisha akakohoa, kisha simu ikakatika, salio limeisha. Nilijisikia vibaya sana. Mzazi mmoja namfurahisha kwa kumdanganya mwingine, na wote wawili wamezeeka.

Funzo kwa mafundi ni dogo, pembe usiipeleke kwenye mashine. Funzo la kwangu ni kwamba nimesugua kitu mwaka mzima bila kujiuliza mwenyewe anataka nini. Lakini hata baada ya kujua, sijui nifanye nini, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mliooa mbali na kwenu mlifanyaje? Kumleta mama huku? Hataki, anasema hawezi kumwacha baba peke yake kaburini kule. Kumpeleka mzee Njombe? Na ng'ombe wake nani atawaambia? Toeni mawazo, hata wa kunicheka acheke, ila wale wa "wewe ni mwanaume, amua" naomba mpite uzi mwingine.

Wa picha msinisumbue, siweki.

Ninayo hapa mbele yangu mezani. Inang'aa, haina kosa. Jumapili ni keshokutwa na natakiwa kuipeleka ikaguliwe. Tangu asubuhi nimeshika kipande cha chupa, sijui nianzie wapi.