Saa za Ofisi ya Maji na Kura ya Mkubwa

Katika ofisi ya maji saa zote zilikubaliana, na hilo ndilo lililomnyima raha Mama Waya.

Jina hilo alipewa kwa sababu kila alipotafutwa alikutwa chini ya meza ya mtu, miguu nje, akifuata waya. Miaka kumi na tisa alitunza kompyuta za pale, na sasa alikuwa amegundua jambo ambalo hakuna aliyemtuma kuligundua. Kompyuta ya getini, yenye mashine ya vidole inayoandika nani kaingia lini, ilikuwa ikiuliza saa kwa kompyuta ya mhasibu. Ya mhasibu iliuliza kwa ya Mkubwa. Ya Mkubwa, bila aibu yoyote, iliuliza kwa ya getini. Zilikuwa kama walevi watatu wanaosindikizana nyumbani, kila mmoja akiamini mwenzake anaijua njia. Ofisi nzima ilikuwa mbele ya dunia kwa dakika ishirini na tatu.

Watu walijua. Simu zao ziliwaambia. Lakini waliizoea saa ya kazini kama walivyozoea choo cha ghorofani kisicho na kitasa. Waliingia mapema, wakatoka mapema, wakanyamaza.

Aliyeshindwa ni wifi yake, dada wa mumewe, mpokea simu wa ofisi. Chekechea ya mwanawe ilifungua mlango kwa saa ya dunia. Akimwacha mtoto na kukimbia, alifika saa mbili kasoro dakika nane, na mashine ikaandika saa mbili na robo, wakati kazi huanza saa mbili kamili. Barua mbili za onyo alikuwa nazo. Ya tatu ilimwita mbele ya kamati Alhamisi, saa nne kamili, akajieleze kabla ya kufukuzwa.

"Wakinifukuza nahamia kwako," alimwambia Mama Waya. "Mimi, watoto wawili, na kabati langu la milango mitatu."

"Sebule yangu haina nafasi ya kabati, wifi."

"Utatoa kochi. Kaka yangu halali kwenye kochi."

"Siku nyingine analala."

"Basi hayo ni yenu, msiisingizie saa."

Jumatatu Mama Waya akaomba kikao. Alieleza kwamba huko nje mtandaoni kuna seva za saa, kompyuta ambazo kazi yake ni kujibu ni saa ngapi, akaomba wachague nne.

"Nne za nini?" aliuliza Mkubwa. "Saa ni moja."

"Ukiwa na seva moja, ikikosea unakosea nayo. Ukiwa na mbili zikibishana, hujui uamini ipi. Zikiwa nne, mmoja akidanganya, watatu wanamuumbua."

"Wanataka malipo gani?" aliuliza mhasibu.

"Hawataki kitu."

Mhasibu akaweka kalamu mezani taratibu. Anayegawa saa bure, alisema, ana lake jambo. Akapendekeza itangazwe zabuni, na kila seva ilete barua za wadhamini wawili. Kisha akataka kujua seva iliyo nchi ya mbali itaijuaje saa ya huku. "Sasa hivi huko wamelala," alisema, na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali.

Mwishoni Mkubwa aliridhia zile nne, kwa sharti moja: kompyuta yake iwe ya tano, kwa heshima ya ofisi.

Alhamisi asubuhi Mama Waya akaziunganisha kompyuta za ofisi na saa zote tano, akailetea kamati, iliyokwisha kuketi kwa saa ya Mkubwa, karatasi ya matokeo. Programu yenyewe ilikuwa imezilinganisha saa na kuweka alama mbele ya kila jina. Nne zilikuwa na alama ya kujumlisha. Ya Mkubwa ilikuwa na mkasi, ile alama ya kosa ambayo walimu huweka kwenye daftari.

"Hii ni nini?" aliuliza Mkubwa.

"Ni saa isiyoaminika. Sisi wa kazi hii tunaiita mwongo."

"Nani kaiweka?"

"Wale wanne wamepiga kura, Mkubwa. Mimi sikushirikishwa."

"Mwongo kwa kiasi gani?" aliuliza mhasibu, akijitahidi kuficha furaha.

"Dakika ishirini na tatu mbele. Ukiziondoa kwenye barua za wifi yangu, siku zote tatu aliwahi."

Mkubwa akaigeuza karatasi kutazama nyuma yake. "Nakala ziko ngapi?"

"Hiyo tu. Ila itaingia kwenye faili la mashtaka, ni ushahidi."

"Na mashtaka yakifutwa?"

"Basi hakuna faili."

Mkubwa akazipasua barua zote tatu, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Mpigie aje, tumwambie amesamehewa."

Mama Waya akainua simu, akasikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Anasema kompyuta yake, niliyoirekebisha asubuhi, inaonyesha saa nne kasoro dakika kumi na moja. Barua imemwita saa nne kamili. Hataki kuwaharibia utaratibu."

Kwa saa ya Mkubwa ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Mkubwa akavuta kiti, akaketi, vipande vya barua mkononi, na wote wakaanza kusubiri.