Kaburi Nililolisimulia Kabla ya Kulifikia

Mara ya kwanza kusimulia habari za kaburi lile, nilikuwa sijawahi kufika.

Nilikuwa nafanya kazi Deira, Dubai, kwenye duka la jumla la taa la mama mmoja wa Kichina. Wafanyakazi wote tulimwita madam. Kila mwaka alinituma Uchina kukagua mzigo kiwandani kabla haujapakiwa kwenye kontena, na safari ile mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye Jumeirah Lake Towers, akaniomba jambo. Baba yake bibi huyo alikuwa askari chini ya kamanda mmoja shujaa aliyeuawa akipigana na Wajapani. Kamanda alijengewa kaburi kubwa la kumbukumbu katika mji ule ule niliokuwa naenda. Baba yake bibi hakupatikana hata mfupa. Kilichobaki ni jina lake, lililochongwa pamoja na majina ya wenzake kwenye ukuta nyuma ya kaburi la kamanda wao.

Bibi hakujua Kiingereza, madam alitafsiri. Alinikabidhi boksi la tende.

"Muwekee baba. Hakuwahi kuonja tende. Halafu uiname mara tatu."

Madam akaniandikia jina kwenye karatasi, kwa maandishi yao.

"Inshallah, bibi," nikajibu, mimi Mkristo wa Moshi, kwa kuwa Dubai ndivyo tulivyozoea kujibu.

Sikwenda. Kazi ya kiwandani ilipoisha nilibakiwa na siku moja, nayo niliimalizia masokoni, nikitafuta viatu vya kumtumia dada yangu akauze nyumbani. Jioni mvua ikanyesha. Nilikaa kitandani hotelini nikala tende za marehemu, moja baada ya nyingine, nikitazama televisheni nisiyoielewa. Nilijiambia kwamba marehemu hali kitu.

Ijumaa baada ya kurudi, madam alinialika chakula cha mchana. Njia nzima nilikuwa nikipanga kusema kwamba muda ulinibana. Lakini mlango ulipofunguliwa nilimkuta bibi amevaa nguo yake ya hariri, amekaa ananisubiri, na hata sijavua viatu akauliza, "Ulifika?"

"Nilifika."

"Kukoje?"

Pale hotelini, karibu na lifti, palikuwa na picha ya kaburi, kwa hiyo ngazi nilizijua, na wale simba wa mawe. Mengine nilijaza mwenyewe. Nikatia upepo. Nikatia na mwanamke anayefagia majani.

"Na jina la baba uliliona?"

"Nililigusa kwa kidole."

Madam alichelewa kidogo kutafsiri, nikadhani anatafuta neno. Alipomaliza, bibi aliinuka, akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka shavuni mwake na kufumba macho. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Nikatabasamu.

Tangu siku hiyo, kila walipopata mgeni kutoka kwao, niliitwa nisimulie. Nikawa hodari kabisa. Nilijua mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wavute pumzi.

Mwaka uliofuata nilitumwa tena. Safari hii nilikwenda kaburini siku ya kwanza, kabla hata ya kiwandani, na machungwa niliyonunua getini. Ngazi zilikuwepo, na simba walikuwepo. Niliinama mara tatu, kisha nikazunguka nyuma.

Hakukuwa na ukuta. Palikuwa na nyasi na mabenchi mawili.

Nilimwonyesha mlinzi, mzee mmoja mwenye kofia, ile karatasi yangu. Aliisoma polepole, akatoa simu, akaongea nayo, ikatafsiri kwa Kiingereza: ukuta ulipasuka, ukabomolewa miaka minne iliyopita, majina yatachongwa upya, haijulikani lini. Nadhani uso wangu ulibadilika, maana alinivutia kiti na kunimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, kama anayemhudumia mfiwa. Niliinywa. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Niliporudi Dubai nilimfuata madam ofisini, nikafunga mlango.

"Madam, ile safari ya kwanza sikwenda kaburini."

"Najua," akasema, macho yakiwa kwenye karatasi zake. "Kaka yangu anaishi kule. Aliniambia walipobomoa ukuta. Mama hatukumwambia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini, na mama ameshika mkono wako?" Sasa akanitazama. "Usidhani nimekusamehe. Na yeye usimwambie kitu. Khalas, yameisha."

Nilitoka. Kumbe siku zote nilipokuwa nikijinogesha mbele ya wageni, yeye alikuwa akiutafsiri uongo wangu neno kwa neno, huku akiujua. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, lakini huo ndio ambao nikiukumbuka, hata nikiwa peke yangu, nainamisha uso.

Safari za Uchina akapewa mwenzangu. Miezi michache baadaye bibi aliamua kurudi kwao, kuishi na mwanawe wa kiume. Alikuwa na furaha kama bibi harusi. Alisema akishuka tu kwenye ndege, apelekwe kwanza kwa baba yake, aliguse jina kama nilivyoligusa mimi. Madam aliandaa chakula cha kumuaga, na bibi mwenyewe akatuma salamu kwamba nisikose.

Siku hiyo nilipiga simu nikasema kichwa kinaniuma.

"Pole," madam akasema. "Nitamwambia."

Akakata.