Jino la Juu

Dhahabu alipoolewa Likoni, kwa akina Mbwana, aliambiwa ana mguu mwema. Haukupita mwezi mumewe akapata kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, mbuzi akazaa pacha, na minazi ikazaa mpaka waanguaji wakachoka. Mavyaake, Bi Mastura, alimsifu kwa kila jirani: "Huyu ndiye nyota ya nyumba yangu." Dhahabu alicheka tu. Walioijua siri yake walikuwa babake na shangazi aliyemlea, nao walikwishakufa.

Ukaja mwaka wa ile mvua kubwa iliyoozesha mihogo ya watu, na mtoto wao Mwinyihaji akaota jino. La juu.

Kigego! Mtoto akitangulia kuota meno ya juu, eti nyumba imekwisha. Watu wazima, sala tano haziwapiti, wanatishwa na kijino kisichoweza kutafuna hata wali! Bi Mastura alitia kidole kinywani mwa mjukuu wake, akakitoa upesi, akakifuta kwenye kanga.

"Kumbe mihogo yangu imeozeshwa na huyu," alisema. "Mbwana, mwanao na atolewe leo. Wamisheni huwapokea watoto kama hawa. Mkeo atabaki."

Dhahabu alimgeukia mumewe. Mbwana alitazama chini. "Mama ndiye ayajuaye mambo haya."

Hasira zilimpanda Dhahabu.

"Basi sikiza, mama. Na mimi yangu yalitangulia ya juu! Babangu alinitupa kwa shangazi kwa ajili hiyo. Kazi ya Mbwana, mbuzi, nazi, vyote vililetwa na kigego. Haya, nisifu tena!"

Alidhani amemziba mdomo. Maskini, hakujua ujinga haukosi la kujibu. Bi Mastura alikaa kitako akaanza kuhesabu: marehemu mumewe, kumbe! Ng'ombe aliyetumbukia kisimani, kumbe! Binti yake aliyeachwa Kisauni, kumbe! Mema yote ya miaka minne yakafutwa palepale, Dhahabu asibakishiwe hata nazi moja.

"Astaghfirullah," alinong'ona Mbwana. Laiti angekuwa anamwombea toba mama yake!

Dhahabu alimfunga mwanawe mgongoni. Mbwana alikuwa amesimama mlangoni, na kwa kitambo kidogo Dhahabu alitumaini kwamba angemzuia. Mumewe alisogea kando, akaikusanya kanzu yake isimguse.