Maji ya Kulowesha Mahema

Asubuhi ile ya kiangazi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, vita kwetu vilikuwa bado habari za kusikia tu. Tulikuwa askari wapya wa Mfalme wa Uingereza, kila mtu na kaptula isiyomtosha. Wenzetu walifundishwa bunduki. Mimi nilipangwa na wabeba majeruhi, nikakabidhiwa mahema manne ya wagonjwa niyatunze mpaka vita viishe.

Aliyetufundisha ni Fundi Kasamali, Mhindi mwenye cherehani zake karibu na stesheni, ambaye jeshi lilimwita kuyashona na kuyatengeneza mahema. Alilionea turubai uchungu kuliko sajini alivyotuonea sisi. Usilikunje likiwa bichi, litaota kuvu. Mvua ikinyesha usiliguse kwa ndani, maana pale ulipogusa ndipo litakapovuja. Legeza kamba mapema, kwa sababu pamba ikilowa hukaza mpaka ikang'oa vigingi. Mishono ipake nta. Hilo la nta lilitufurahisha sisi Wagogo, maana nyuki tunawajua.

La mwisho lilituacha midomo wazi.

"Hema jipya halijui mvua," alisema. "Matundu ya sindano yako wazi. Mwagia maji lilowe lote, acha likauke. Mara tatu. Uzi utavimba, matundu yatajifunga."

"Maji kiasi gani, fundi?"

"Pipa zima kwa hema moja. Kila mara."

Nilicheka. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukatalia, uwele ukakauka haujafika magotini. Wanawake walichimba mchanga wa korongo mpaka kina cha mtu mzima, wakakaa chini kusubiri maji yachuruzike, wakayachota kwa kata kidogo kidogo. Halafu mimi nichukue pipa la maji nikainyweshe nguo!

Shemeji yangu Ndahani, mume wa mdogo wangu Sechelela, hakucheka. Tulijiandikisha jeshini siku moja, tukawekwa kikosi kimoja. Alikuwa mtu wa kushika maneno. Nilizoea kumtania kwamba hata usingizini akiambiwa "kulia geuka" atageuka.

"Amri ni amri, shemeji," aliniambia.

"Aliyeitoa hajachota maji korongoni," nikamjibu.

Lori lilileta mapipa manne, likaondoka. Nilirusha kata ya kwanza juu ya turubai. Maji yaliteremka, yakagusa ardhi, yakapotea. Nilipoinua macho niliwaona wanawake wamesimama ng'ambo ya uzio wa miiba na vibuyu vyao na madebe. Hakuna aliyeomba. Sechelela alikuwa miongoni mwao, na mtoto wao Yohana mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka.

"Shikamoo, kaka," alisema, basi.

Niliyagawa maji yote. Ndahani alisimama akitazama, kisha akalichukua debe la mkewe akalijaza mwenyewe. Lori lilirudi mara mbili tena, nasi tukafanya vilevile, tukibakiza kidogo cha kulowesha milango ya mahema sajini akipita. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba mahema yameloweshwa mara tatu, nami nikaweka dole gumba. Sina haja ya kudanganya: siku zile nilijiona mtu mwema sana.

Tulipelekwa Burma. Tulifika kiangazi chao, mahema yakatufaa bila taabu. Niliyapiga brashi asubuhi, nikayaanika, nikaipaka mishono nta, na daktari wetu akanisifu mbele ya wenzangu. Kabla ya kwenda mstari wa mbele tulikaa wiki tatu kando ya mto mpana, maji yakipita mchana kutwa bila mtu wa kuyatumia.

"Shemeji," Ndahani aliniambia tukifua nguo, "maji si haya hapa? Tuyaloweshe mahema sasa."

"Sajini akituona atauliza kwa nini. Na karatasi ina dole langu."

"Atauliza, utamjibu."

"Tutaona," nilisema. Sikuona chochote. Niliogopa kuvuliwa sifa, na wiki tatu zikaisha.

Kisha tukaanza kupanda vilima.

Makombora yalituangukia saa nne asubuhi. Tulilala kifudifudi.

Ndahani alikuwa mbele yangu, ameshika upande wake wa machela. Alikaa kitako taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Nimepigwa, shemeji."

Lilikuwa paja. Nililifunga kwa nguvu zangu zote. Nilimbeba mgongoni mpaka chini kwenye mahema.

Daktari alimshona akasema atapona, ila asipate baridi, kwa kuwa alishapoteza damu nyingi na kifua chake hakikuwa kizuri. Tulimlaza katika hema la pili, katikati, mbali na milango.

Mvua ilianza kesho yake mchana. Sisi wa Dodoma huijua mvua ya kuja na kuondoka, lakini ile ilikuja kukaa. Kabla kamba hazijakaza, maji yalikuwa yanapenya kila mshono, na kitambaa chenyewe kikatoa manyunyu juu ya vitanda. Nilipaka nta ikakataa kushika kwenye unyevu. Nikasahau yote niliyofundishwa, nikaubana mshono kwa kiganja, maji yakateremka kwa mkono wangu kama yameitwa. Vitanda vilijaa, hapakuwa na pa kumhamishia. Mahema mengine matatu yalikuwa yanavuja vilevile.

Ndahani alitazama juu.

"Hili ni lile la pili?"

"Ndilo."

"Basi maji yake anayo Sechelela," alisema. Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi.

Nilimfunika kwa koti langu, nalo likalowa. Usiku kucha alitetemeka. Asubuhi kifua kilikuwa kinakoroma, na jua halijapanda sana akafa. Nilikuwa nimemshika mguu ule mzima.

Siku ya tatu mvua ilikuwa ileile, lakini uzi wa pamba ulikuwa umeshavimba. Hema halikuvuja hata tone. Niliketi ndani yake, pakavu, nikalia kwa sauti, wagonjwa wakanitazama.

Nilimuuliza daktari kama ni maji ya hema yaliyomuua. Alisema kwa jeraha lile na kifua kile huenda angekufa hata ndani ya nyumba ya mawe. Huenda. Neno hilo nimeishi nalo.

Vita vilipokwisha nilishuka kwenye treni Bahi, alikokuwa amehamia Sechelela kwa wakwe zake. Mwaka huo mpunga ulikuwa umesimama majini. Yohana alikuwa anakimbiza mbuzi, miguu yake imara. Nilidhani nikimwambia dada yangu ukweli nitapumua, nikamsimulia habari ya mapipa.

Alimgeukia Yohana na mbuzi wake.

"Kwa nini unaniambia?"

"Ni haki yako kujua."

"Sasa nikimtazama huyu nitaona nini, kaka?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia habari ya mto. Nilitazama chini, nikasema Mungu ndiye ajuaye. Tangu siku hiyo, kila alipokuja kwangu alikula ugali, akataniana na wanangu, lakini maji ya nyumbani kwangu hakunywa. Mara nyingi nilifungua kinywa nimwambie, nikaishia kumuuliza hali ya mbuzi. Aibu ya kuchelewa ilikua kila mwaka, ikawa kubwa kuliko kosa lenyewe. Mwaka jana tulimzika.

Nimelipima jambo hili kadiri ya akili yangu. Maji ya Dodoma ningeyagawa tena leo hii, na sitamwomba mtu msamaha. Ya mtoni ndiyo nisiyoyapatia utetezi. Yohana sasa ni mtu mzima, ana watoto, na tofauti na mimi alikwenda shule. Namsimulia mjukuu wangu haya ayaandike, yapelekwe kwa Yohana ayasome mwenyewe.

Mwanangu, mto ulikuwepo, na baba yako alinikumbusha. Maji uliyoyanywa wewe hayakumuua.