Sabuni Ilivyonigeukia Maji

Mathe, yaani mama yangu, alikuwa makanga wa matatu zamani, kabla magoti kukataa ngazi ya gari. Siku hizi anatengeneza sabuni ya maji hapo nyuma ya nyumba yetu Dagoretti, anauzia saluni na wachoma nyama wa Kenyatta Market. Lakini ukonda haukutoka. Akitaka kujua kama sabuni imekuwa nzito vizuri, anaijaza kwa chupa, anaacha hewa kidogo juu, anafunga, halafu anaipindua. Ile hewa inapanda kama shanga moja, na yeye anaita stage, vile vituo vya kutoka kwetu hadi tao, mjini.

"Corner! Junction! Adams! Mochari! Kenyatta! Tao!"

Sheria yake ni moja. Hewa ikifika juu kabla ya Adams, hiyo si sabuni, ni maji yenye rangi. Akiita mochari na bado iko njiani, mteja hawezi lalamika.

Sasa, kulikuwa na hoteli moja Westlands, ya watu wa kula na uma, iliyomwambia alete chupa moja Jumatatu. Mpishi wao akiipenda, wanachukua ya jikoni yote kila wiki. Mathe alikuwa ametafuta mlango kama huo miaka. Alinunua hadi chupa mpya. Mathe kununua chupa mpya ni kama mimi kununua kitabu.

Jumamosi asubuhi alikuwa anaenda ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa dada yake, huko Kiambu. Alikuwa amevaa kitenge na kilemba, amesimama mlangoni ananihubiria.

"Wewe. Nimeshachanganya ungarol na maji lita ishirini kwa pipa. Kazi yako ni kukoroga polepole, upande mmoja, povu isijae. Chumvi usiguse. Chumvi nitaweka mimi nikirudi."

"Mathe, chumvi nayo nimeikosea nini?"

"Wewe na chumvi nawajua. Ile githeri uliyopika Pasaka bado tunakunywa maji."

Akaenda. Nikakoroga.

Ungarol, kama huijui, ni ile dawa ya kuleta povu. Ikiwa kwa mkebe ni nzito, inang'aa, inavutika kama kamasi ya mtoto. Lakini ukiiweka kwa maji inalegea. Nilikoroga saa nzima na kitu ilikuwa kwa pipa ni kama chai ya hoteli mbaya. Mwiko unazunguka bure. Chumvi ndiyo inaifanya isimame, hiyo nilikuwa nimeona mathe akifanya mara mia. Na pakiti nne za nusu kilo zilikuwa hapo kwa dirisha zinaniangalia.

Nikasema, wacha nimpunguzie kazi.

Nikayeyusha pakiti ya kwanza kwa maji kidogo, nikamwaga. Wacha wewe! Sabuni ilishika kama imesikia polisi. Mwiko ukawa mzito mkononi. Nikajiita daktari. Nikaweka ya pili, ikawa nzito zaidi, inaanguka kutoka kwa mwiko kama asali. Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilisomea hadi darasa la nane, na kwa hesabu yangu, kama mbili ni tamu, tatu ni harusi.

Ya tatu ikaingia. Mwiko ukawa mwepesi.

Nikakoroga nikidhani ni macho. Ikalegea zaidi. Sasa hapa ndipo mtu aliyelelewa na ugali hupotea. Ugali ikiwa maji unaongeza nini? Unga. Haina mjadala. Nikaongeza pakiti ya nne, yote, nikasimama na mwiko nikingoja ishike.

Ilikuwa maji. Maji kabisa, na ukungu kama macho ya mbuzi wa machinjioni. Nikajaza chupa, nikapindua. "Cor..." Hewa ilikuwa imeshafika tao.

Nilikaa juu ya ndoo. Darasa la sita mwalimu alituambia kitu majimaji haina umbo yake, inachukua umbo ya chombo. Nikaona hata mimi nimechukua umbo ya hiyo ndoo. Sikuwa naogopa kuchapwa, mathe aliacha kunichapa nilipomzidi urefu. Nilikuwa nafikiria zile chupa mpya, amezipanga kwa kabati ya vikombe vya wageni.

Nambari ya yule mzee wa tao anayetuuzia dawa ilikuwa imeandikwa kwa mkebe. Nikampigia.

"Boss, niaje. Sabuni imekataa kushika."

"Umeweka chumvi?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kilo mbili, kwa lita ishirini."

"Kwa lita ishirini? Na ilishika kwanza, halafu ikalegea, halafu ukaongeza?"

"Umejuaje?"

Alicheka hadi nikaweka simu mbali na sikio. Nilisikia akiita wateja wake waje wasikie. "Huyu naye amepika ugali! Sikiza, kijana. Hiyo dawa ikiwa kwa maji inajipanga kama nyuzi. Chumvi inazirefusha, zinashikana, ndiyo sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, zinaachiliana, unarudi maji. Hata ukimwaga chumvi ya bahari yote haitashika."

"Sasa nitoe chumvi na nini? Kijiko?"

"Hutoi. Chumvi imezidi sabuni, basi ongeza sabuni ilingane na chumvi. Uko na ungarol nyingine?"

Ulikuwepo mkebe mmoja, wa wiki ijayo.

"Utie kwa maji lita ishirini, bila chumvi, bila hata kutaja chumvi. Halafu mimina humo ndani polepole."

Nikamuuliza mara mbili. Yaani sabuni imekuwa maji, na dawa yake ni maji mengine lita ishirini? Akaniambia kama najua kushinda yeye nikate simu.

Nilichanganya hiyo ungarol kwa ndoo mbili za lita kumi. Ndoo ya kwanza ikaingia, hakuna kitu. Nikaanza kutunga uongo: paka aliangusha pakiti. Hatuna paka. Nusu ya ndoo ya pili, mwiko ukanivuta kidogo. Nikapunguza mkono, nikamwaga kama mtu anapimia mtoto dawa. Ukavuta tena. Ile ukungu ikaanza kuondoka, nikaona hadi chini ya pipa. Ndoo ilipoisha, sabuni ilikuwa inaanguka kutoka kwa mwiko kwa mkunjo, tabaka juu ya tabaka, ikiwa haina haraka na mtu. Nilicheka peke yangu hadi jirani akachungulia juu ya mabati.

Mathe alirudi jioni, kilemba kimelala upande mmoja. Akafika kwa pipa. Akaangalia ndani. Akaniangalia.

"Niliacha lita ishirini."

"Eeh."

"Hii ni arobaini. Sabuni imezaa?"

"Mathe, ilikuwa na mimba."

"Chumvi iko wapi?"

"Iliingia."

"Yote?"

"Yote. Ikawa maji. Nikaongeza maji, ikawa nzito."

Alivua kiatu. Ukweli wangu huwa na sura ya utani, hiyo ndiyo shida yangu. Lakini kabla kiatu kuruka nilimpa chupa. Akaipindua, kiatu mkono ule mwingine. "Corner," akasema, na hasira. "Junction." Hewa ilikuwa bado chini. "Adams." Sauti ikapoa. Alipofika mochari alivaa kiatu.

Jumatatu tulisimama kwa mlango wa nyuma wa hiyo hoteli Westlands, mimi nimebeba begi, yeye amevaa koti ya kanisa. Mpishi alitoka akipangusa mikono, akachukua chupa, na bila kuambiwa na mtu, akaipindua, akaiinua kwa mwanga.

Mathe akaanza kuita stage bila sauti. Midomo tu ndiyo ilikuwa inaenda. Corner. Junction. Adams. Mochari. Alikuwa ameshika mkono wa koti yangu, na nilisikia kila stage kwa vidole vyake.

"Mbona haifiki?" mpishi akauliza.

"Kuna jam," nikasema.

Mathe akanifinya. Mpishi akacheka, akaweka chupa chini ya kwapa, akauliza kama tuko na nyingine kama hiyo.

"Tuko na lita arobaini," mathe akasema, na akaachilia koti yangu.