Spika ya Emiliana haimtangazi "wao"

Wachoma nyama wanapuliza mkaa, wauza mitumba wanatandika maturubai, na Emiliana anakaza waya wa spika yake kwenye nguzo iliyo katikati ya mnada wa Haneti, wilayani Chamwino. Anaigonga kwa ukucha, inakoroma. Anaipiga kofi la ubavuni, nayo inatii.

"Mbukwenyi!" anasalimia kwa Kigogo, na wenyeji wanamwitikia. "Na nyie mliotoka mbali, hamjambo? Nyama ya Gerson leo ni laini. Ikiwa ngumu msimlaumu yeye, mlaumuni mbuzi."

Gerson ni mumewe. Watu wanacheka, ila kicheko chenyewe kinakatika upesi, maana huu ni mnada wa kwanza tangu vurugu. Wakulima wamejikusanya upande wa barabara, wafugaji upande wa korongo, na vijana wa pande zote mbili wameshika fimbo nyingi kuliko inavyohitajika kuswaga mbuzi wa kuuza.

Chanzo hakuna asiyekijua. Uwele wa Stanley, mkulima wa hapa hapa, uliliwa na ng'ombe ukiwa karibu kuvunwa. Mwanawe Elieza alipokwenda kuwatoa, alivunjwa mkono. Siku chache baadaye boma la mfugaji mmoja liliteketea kwa moto, na ndama wakafia ndani. Mnada uliofuata ukafungwa. Wakubwa wa kijiji wamekubali ufunguliwe leo kwa sharti moja: ukivurugika tena, basi.

Emiliana, mwenye miaka arobaini na kidogo, ndiye sauti ya mnada huu. Anatangaza mali zilizopotea, harusi, bei za vitunguu na mikutano ya shule. Tangazo moja ni shilingi elfu moja, na siku ikiwa njema anarudi nyumbani na elfu kumi na tano. Hajawahi kusomea kazi hiyo. Ana koo la chuma na mdomo usiokosa jibu, vitu ambavyo havifundishwi darasani.

Ana sharti moja tu, na wateja wake wanalijua. Ukitangaza ng'ombe, taja rangi na alama. Ukimtangaza mkosaji, taja mtu. Kabila hataji, hata ukimwekea noti nyekundu mezani. Aliliomba gazeti hili nalo lisiandike makabila ya wahusika, nasi tumekubali.

Sharti hilo lilijaribiwa asubuhi hii, Stanley alipomjia huku wanaume kadhaa wakimsubiri nyuma.

"Shemeji, shika elfu tano," alisema Stanley. Wanaitana hivyo kwa sababu Gerson ni ndugu wa ukoo wake. "Tangaza kwamba wafugaji wote wa kule korongoni wahame kabla ya Jumapili. Wasipohama, tusilaumiane."

"Pole na Elieza, shemeji. Nani alimvunja mkono?"

"Si wao!"

"Wao hashiki fimbo. Fimbo imeshikwa na mtu. Ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Wote ni wale wale. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Kwako labda," alijibu Emiliana. "Mimi samaki aliyeoza namtupa, waliobaki nawakaanga."

Mmoja wa wale wanaume alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Stanley hakucheka. Alisema kwamba asipotangaza, watakodi spika nyingine mjini, na yeye atafute kazi ya kuuza karanga. Halikuwa tishio la mdomoni tu. Chemchem ya riziki ya Emiliana ni spika hiyo, na ada ya shule ya bintiye Sidonia inatoka humo humo.

Alikataa. Ili msomaji aelewe kwa nini, yafaa kurudi nyuma kidogo.

Emiliana alizaliwa karibu na Kibungo, mashariki mwa Rwanda. Baba yake na mama yake walikula sahani moja na kusali kanisa moja, ila vitambulisho vyao viliandikwa makabila mawili. Yeye mwenyewe, anasema, hakujua ana kabila mpaka mwalimu alipowaambia wanafunzi wasimame kwa makundi.

"Watu wanadhani ilianza na mapanga," anasema. "Ilianza na vichekesho. Redio ilikuwa na muziki mzuri, mtangazaji ana utani, hata mama alikuwa anacheka. Baadaye yule yule wa utani akaanza kuita watu mende. Ukishamzoea jirani yako kwa jina la mdudu, kumkanyaga hakukupi shida."

Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 baba yake aliambiwa atoke nyumbani amwache mkewe, yeye atapona. Hakutoka. Waliuawa wote wawili, pamoja na kaka zake. Emiliana, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alifichwa na jirani aitwaye Alfonce kwenye shimo la kuivishia ndizi, kisha akavushwa mpaka kuingia Tanzania akihesabiwa miongoni mwa watoto wa mzee huyo. Kambini Ngara alipokelewa na muuguzi kutoka Dodoma, Edina, ambaye alimlea kwake Nkuhungu, mjini Dodoma, kama mtoto wa kumzaa.

"Mama Edina alinifundisha Kiswahili kwa kunituma dukani," anasema akitabasamu. "Nikikosea, narudi na sabuni badala ya sukari."

Basi mwaka huu, aliposikia watu kilabuni wakiwaita wafugaji "nzige", na upande wa pili wakiwaita wakulima "fuko", wale wa kufukua ardhi, Emiliana anasema aliikumbuka redio ile. Wengine walimwambia anakuza mambo, kwamba Tanzania si kule.

"Ni kweli si kule. Na mimi nataka iendelee kuwa si kule," anasema. "Hata kule, siku za mwanzo, haikuwa kule."

Pale kwenye nguzo, Emiliana alimrudishia Stanley pesa yake na kumuuliza swali jingine: hao ng'ombe walikuwaje? Hapo mkulima huyo hakubabaika. Mtu wa huku hamsahau ng'ombe aliyemwona, hata kama ng'ombe huyo amemlia uwele. Akataja dume jeusi, baka jeupe kwenye paji, sikio la kushoto limekatwa ncha.

Emiliana akawasha spika.

"Dume jeusi, paji jeupe, sikio la kushoto limekatwa! Alionekana na wenzake shambani kwa Stanley, na aliyekuwa akiwachunga alimvunja Elieza mkono. Mwenye dume aje hapa kwenye nguzo. Simwiti mwingine, namwita yeye."

Watu wakageuka kutazama upande wa korongo. Emiliana anakiri kwamba hapo aliogopa kweli kweli. Akatangaza mara ya pili.

Kutoka upande wa korongo akatoka mzee mmoja na fimbo yake, akapita katikati ya watu peke yake. Anaitwa Filipo.

"Dume ni langu," alisema, na Emiliana akamsogezea kipaza sauti. "Alikuwa anachunga mwanangu Anthony. Alinificha, nimejua juzi. Uwele nitaulipa, na kijana nitampeleka kituoni mwenyewe. Sasa na mimi nauliza. Boma lililochomwa ni langu. Nani alilichoma?"

Swali hilo nalo likatangazwa, kwa sauti ile ile. Upande wa barabara hakutoka mtu. Vijana wa korongoni wakaanza kunung'unika, na kwa muda ikaonekana kazi yote imeharibika.

Stanley alikuwa bado amesimama pale. Alimtazama Filipo, akawatazama wanaume aliokuja nao, kisha akajifuta uso kwa kofia.

"Wilbert," aliita. "Mtoto wa dada yangu. Njoo ujibu la boma, mjomba wako nakuita."

Kijana alichelewa, lakini alikuja. Filipo naye akamwita Anthony. Wazee hao wawili na vijana wao wakaongozana na mgambo hadi ofisi ya mtendaji, wakiwa wamenuniana vilivyo. Hawajapatana, na kesi za mkono na moto ziko polisi. Ila fimbo ziliteremka, na kabla ya adhuhuri wafugaji walikuwa wanakula nyama ya Gerson na kuilalamikia.

Emiliana hajamaliza. Anadunduliza anunue spika ya pili, na amekwisha kuwaomba wafugaji wamtoe binti mmoja, Batuli, ajifunze kazi na kushika zamu pamoja naye. Gerson anamtania kwamba anajitafutia mshindani.

"Simtafuti mshindani," anasema Emiliana. "Nataka mtu akija tena na tangazo kama la leo, akute wawili wa kulikataa. Kwetu waliokataa walikuwepo. Baba alikataa, Mzee Alfonce alikataa. Lakini kila mmoja alikataa akiwa nyumbani kwake, peke yake."