Sanduku Nililolipima Likiwa Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa habari za ng'ombe. Nilikuwa nimetoka Mbozi alfajiri na cheti changu cha ufundi kwenye bahasha, nikafika karakana ya mradi pale Chapwa, Tunduma, nikijiandaa kuulizwa habari za injini. Msimamizi wa Karakana, mzee mfupi mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, hakuigusa hata bahasha.

"Kwenu mna mkokoteni?"

"Upo, mzee."

"Ukijaza mahindi yote nyuma, ng'ombe anapata shida gani?"

Nikamwambia kwamba mti wa mbele unanyanyuka na nira inamkaba shingoni.

"Basi kazi unaijua. Siku ukiisahau nitakurudisha kwa huyo ng'ombe."

Mradi wetu ulikuwa wa kliniki tembezi. Manesi walizunguka vijiji vya Momba na Ileje wakipima wajawazito na kuchanja watoto, na kwa kuwa nyumba za kulala wageni huko zilikuwa za kubahatisha, walilala ndani ya karavani: nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na gari, yenye vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la dawa. Karavani hilo nimelitunza kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa nimestaafu. Vijana wanaoshika kazi hii sasa wameniomba niwaandikie jinsi tulivyoifanya. Nitaandika. Ila wajue kwamba naandika pia kwa ajili ya dereva wetu, Siame, aliyefukuzwa kazi kwa uzembe ambao haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Kwanza kazi yenyewe. Tela halina injini, kwa hiyo watu hudhani halina ugonjwa. Likirudi safari nilikuwa naligusa kwanza kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Cha moto kupita mwenzake maana yake beringi zimekauka au zimekula vumbi, na vumbi la Ndalambo, kule Momba, linaingia hata mahali ambapo maji hayaingii. Nafungua, naosha beringi kwa mafuta ya taa, napaka grisi mpya kwa vidole, nafunga nati kisha nairudisha kidogo ili gurudumu lizunguke bila kubanwa. Fundi anayekaza mpaka mwisho kwa kudhani ndiyo usalama ataliona gurudumu lake likimpita njiani.

Kisha tairi. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama tu. Kashata zake, yale meno ya kukanyagia, bado nzima lakini ubavu umepasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mkulima. Msimamizi aliyatupa matairi ya namna hiyo bila huruma. Minyororo miwili ya usalama tuliipitisha kwa kukatizana chini ya mti wa kuvutia, ili ikitokea kiungo kimechomoka, pua ya tela, yaani ncha ya mbele inayoshikwa na gari, iangukie kwenye minyororo isichimbe barabara. Taa za nyuma tulizijaribu kila asubuhi ya safari, mmoja anakanyaga breki, mwingine anasimama nyuma na kujibu. Aliyekanyaga mara nyingi alikuwa Siame, na aliyejibu nilikuwa mimi.

La mwisho ndilo kubwa, nalo ni uzito wa pua. Mzigo ukipangwa vizuri, pua ya tela inalilalia gari kwa uzito wa kama sehemu moja ya kumi ya tela zima. Ukipungua sana, tela linayumba na mkia ndio unaoamua safari. Hatukuwa na chombo cha kisasa cha kupimia. Msimamizi aliazima mizani ya kupimia magunia ya kahawa kutoka kwa jamaa zake wa Mbozi, tukaiweka chini ya pua, yeye akasoma, mimi nikaandika kwenye daftari la karavani. Alikuwa na sheria moja asiyoitania: tela lipimwe na mzigo wake wote ndani, hata sufuria, hata mabegi ya manesi.

"Tela tupu haliui mtu," aliniambia. "Unalipima la nini?"

Alistaafu, akarudi kwao kulima, nami nikakabidhiwa karakana. Siwafichi, nilivimba kichwa. Nilianza kulifanya karavani kuwa langu. Niliongeza shokapu kila upande, vikombe vikaacha kuvunjika. Tangi la maji nililihamisha likakaa juu ya ekseli, katikati, pasipo na ubishi. Nikaweka magodoro mazito, nyavu za madirishani, na kamba za kufunga milango ya makabati. Manesi walinisifu, hasa Sista Atupele, Mndali wa Isongole kule Ileje, mwanamke mnene mwenye cheko lililosikika mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyekuja na tatizo la viazi.

Watu wa huku hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu, sembuse nesi aliyemzalisha mkwe wao. Ndalambo walileta mahindi na ulezi. Ileje walileta viazi, maharage, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu. Kukataa ni tusi, utasikia, "Kwani chakula chetu kina nini?" Kwa hiyo vyote viliingia ndani ya karavani, juu ya vitanda na mbele ya kabati la dawa.

"Fundi," Sista akaniambia, "mimi nalala na viazi kuliko ninavyolala na mume wangu. Nitafutie mahali pa kuviweka."

Meneja wa Usafirishaji, kijana msomi aliyehamishiwa kwetu kutoka mjini, alikubaliana naye. "Kuku kwenye dawa ni aibu. Fanya kitu, fundi, lakini usinilete kwenye michoro, mimi sijui michoro."

Nikachomelea sanduku la chuma nyuma ya karavani, chini ya dirisha. Lilikuwa na mfuniko wenye bawaba na mpira wa kuzuia mvua, nikalipaka rangi ya bluu ilingane na mstari wa ubavuni. Nilikuwa nikilizunguka kama bwana harusi. Nikaleta mizani ya kahawa, nikapima pua, namba ikawa nzuri, nikaandika kwenye daftari: sanduku limefungwa, uzito wa pua uko sawa. Nikatia saini.

Nililipima likiwa tupu. Sanduku lilikuwa la zawadi, na zawadi zilikuwa bado ziko mashambani kwa watu. Ningeweza kuomba magunia matatu sokoni nikayajaza nikapima, kazi ya nusu saa. Sikuomba. Nadhani moyoni nilijua mizani itasemaje, na sikutaka kulikata sanduku langu. Wala sikumwambia Siame asilijaze, kwa sababu dereva atamwambiaje bibi kizee kwamba gunia lake lirudi nyumbani?

Miaka ile halikutokea jambo, na hapo ndipo nilipozidi kujidanganya. Barabara ya kwenda Isongole ilikuwa ya udongo, yenye mashimo, na gari lilikwenda kwa mwendo wa mzee. Mkia hauna nafasi ya kucheza kwa mwendo ule. Kisha ikaja lami. Tulishangilia wote. Safari ya kutwa ikawa ya saa moja na nusu, na hakuna aliyenijia kuniuliza kama karavani letu lilikuwa tayari kwa lami, kwa sababu wa kuuliza swali hilo nilikuwa mimi.

Siku hiyo walikuwa wanarudi kutoka Isongole baada ya chakula cha mchana. Simu iliingia karakana saa tisa. Nilikwenda na gari la kuvuta, na nilipofika nilikuta gari letu limelala ubavu chini ya barabara, penye kona, na karavani limepasuka kando yake. Siame alikuwa amekwisha pelekwa hospitali, mguu umevunjika mara mbili. Sista Atupele alikuwa amelazwa kwenye majani, amefunikwa kitenge cha mtu. Wanakijiji walikuwa wanaokota viazi vilivyotawanyika mteremko mzima na kuvikusanya mahali pamoja. Hakuna aliyetia hata kimoja mfukoni.

Nikapanda barabarani, nikatembea kurudi nyuma kusoma alama za matairi, maana ndiyo kazi yangu. Hazikuanzia kwenye kona. Zilianzia kwenye mteremko ulionyooka, mbali kabla ya kona: mawimbi madogo ya tairi za karavani, kushoto, kulia, kisha makubwa, kisha makubwa zaidi. Hapakuwa na alama ya breki ya ghafla. Siame aliondoa mguu kwenye mafuta kama tulivyofundishwa na hakugusa breki, lakini mteremko uliendelea kumsukuma na mkia ukaendelea kumtikisa. Nikashuka nikatazama sanduku. Lilikuwa limeshika vizuri. Kulehemu kwangu hakukupata hata ufa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la Siame.

Msibani, huko Isongole, mama yake Sista alikaa chini ukutani akisema jambo lilelile kwa kila aliyempa mkono. "Nilimpa viazi gunia nne. Akasema, mama, zimezidi. Nikamwambia, mwanangu, chukua, watu wa Tunduma wananunua kila kitu." Nilimpa mkono. Na mimi akanieleza.

Kamati ya mradi ilikaa mwezi uliofuata. Mratibu wa Mradi aliniita, daftari la karavani liko mezani mbele yake.

"Fundi, sanduku la nyuma lilikuwa na kasoro?"

"Halikuwa na kasoro, bosi."

"Na uzito ulipimwa?"

"Ulipimwa. Upo hapo, na saini."

Kila neno lilikuwa la kweli. Siame aliletwa na magongo yake, akasema alikuwa kwenye mwendo wa kawaida na tela lilianza kucheza lenyewe. Meneja wa Usafirishaji akamuuliza tangu lini tela linacheza lenyewe. Siame akanigeukia mimi, fundi, nimsaidie kueleza. Nikatazama daftari. Aliandikiwa barua ya kufukuzwa kwa uzembe uliosababisha kifo, na kwa barua ile hakuna aliyempa tena usukani, Tunduma wala Vwawa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia mama yule, asije akajua magunia yake yalifanya nini. Si kweli. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, nikanyamaza kwa ajili ya kiinua mgongo changu. Huruma niliitafuta baadaye, ya kujifunikia.

Nilistaafu kwa heshima. Kulikuwa na soda, hotuba, na cheti chenye maneno "utumishi uliotukuka". Mke wangu alikitundika sebuleni, nami nikahama kiti changu nikakaa pa kukipa mgongo. Nilivumilia msimu mmoja wa kahawa. Ulipokwisha nikapanda gari kwenda Ndalambo, nyumbani kwao Siame.

Siame nilimkuta anapalilia mahindi, akichechemea katikati ya matuta. Alifurahi kuniona, na hilo ndilo lililoniumiza. Tukakaa kwenye ukingo wa shamba, nikamweleza yote: mizani, sanduku tupu, alama za matairi, daftari.

"Kwa hiyo sikusinzia," akasema.

"Hukusinzia."

"Nimejiuliza miaka hii yote, Fundi. Nimeungama kanisani kwamba labda nilisinzia. Kila nikivuna napeleka gunia kwa mama yake kule Isongole, napiga magoti namwomba msamaha. Yeye ananiinua."

Nikamwambia nimekuja na barua nitakayoipeleka mradini, na kwamba kesho yake naweza kwenda naye Isongole nikaseme mwenyewe. Akaishika barua, akaisoma taratibu. Nilikuwa nimeeleza kila kitu kifundi, pamoja na magunia manne.

"Hii itafika kwa mama," akasema.

"Itafika."

"Atajua ni viazi vyake."

Akaikunja barua, akanirudishia.

"Ameshamzoea dereva mzembe. Amemsamehe. Ukimpelekea hii, atamsamehe nani? Kaa nayo mpaka azikwe."

"Na jina lako?"

"Jina langu lina miguu mibovu kama mimi. Litasubiri."

Akainuka, akachukua jembe lake. Nilirudi nyumbani na barua yangu, na tangu siku hiyo sikuwa tena na haki hata ya kujuta kwa sauti. Siame aliendelea kupeleka gunia kila mavuno. Alikuwa anajua sasa kwamba hakukosa, na bado alipiga magoti.

Yule mama amezikwa mwaka huu. Siame alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, kwa mguu wake ule, na nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule dereva aliyemuua binti yake?"

Barua nimeipeleka mradini, na wameniambia faili lilishafungwa. Kwa hiyo naiandika hapa, mbele yenu mnaoijua kazi. Pimeni tela likiwa na mzigo wake. Na mkikutana na mzee mmoja wa Ndalambo anayechechemea, mwamkieni kwa heshima. Siku ile alikuwa anaendesha vizuri.